Toka Hewani, Mzee Molu

Nani alimpa mzee Molu redio? Ningemjua, ningemkanya mbele ya watu.

Kazi yetu wakati wa mafuriko si ngumu. Barwako, binti yake huyo huyo Molu, anakaa Garsen anaangalia mto. Mashamba ya chini hayamsikii, ni mbali. Mimi Kache, mama yake Kanze, niko Tarasaa juu ya paa la ghala, katikati. Barwako akisema, nawarudishia walio chini. Wakijibu, namrudishia yeye. Lakini wawili wakibonyeza kitufe pamoja, sauti zinagongana, unasikia mkwaruzo tu kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Ndiyo maana nikaweka sheria: usiseme mpaka nikuite, na salamu marufuku. Wote wakafuata. Mzee Molu, wapi! Mworma yule, mfugaji wa huko chini, lazima aulize nyumba, watoto, mvua, majani, ng'ombe, na kidole hakitoi kwenye kitufe.

Alasiri hiyo Barwako aliita: ukingo umevunjika, maji yanashuka, wa chini watoke. Nikarudia. Mashamba yote yakajibu isipokuwa moja. La Mwaro, mume wangu.

"Mwaro, nijibu."

Nikazunguka paa, nikakaa, nikainuka tena. Kule chini maji yameshaanza kumeta katikati ya mahindi.

"Mwaro, nij..."

"Mama Kanze, asalaam aleikum. Nyumba iko salama?"

"Ala! Mzee Molu, toka hewani! Namtafuta Mwaro!"

"Haya. Watoto iko salama?"

"Toka, nimesema!"

Nikamwita Mwaro tena. Nilipoachia kitufe, mkwaruzo: Barwako ananiuliza kitu, Molu naye yuko kwenye mvua yake, na mimi sikuambulia neno jingine. Hapo nikalipuka.

"Mzee mzima huna haya? Mume wangu anakufa, wewe waniulizia mvua!"

Kisha Barwako akaita, taratibu. Sauti ya babake haimfikii, lakini makelele yangu aliyasikia yote.

"Dada Kache, unamkata kabla hajafika kwenye habari. Kwa baba, habari ikija bila salamu ni habari ya msiba. Hataki kukutisha. Mwache amalize."

Yarabi! Nikashika redio kwa mikono miwili.

"Mzee Molu, hujambo baba?"

"Sijambo. Nyumba iko salama?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama."

"Mvua?"

"Ipo, tena imezidi!"

"Majani?"

"Yapo, mzee wangu, yapo." Huku nalia. Kisha nikaharakisha mimi mwenyewe, maana mwisho wa salamu zake naujua: "Na ng'ombe wako, wazima?"

Akakawia kidogo.

"Wazima, alhamdulillahi. Haya, sasa habari. Mwaro niko naye hapa juu kwenye kichuguu. Redio yake imekunywa maji. Mguu yake naumia, lakini nafsi iko."

Nilipiga yowe mpaka watu wa barabarani wakaangalia juu. Niliketi palepale kwenye bati lililolowa wala sikuhisi. Mtu mzima nacheka na kamasi zinatoka.

Redio ikaita tena. Safari hii ni Mwaro mwenyewe, kwa redio ya mzee, anatetemeka kwa baridi.

"Mama Kanze, mzee anakudanganya. Hana ng'ombe. Alikuwa anawavusha, akanisikia nikipiga kelele. Akawaachia, akanifuata mimi. Nimewaona kwa macho yangu wakichukuliwa na maji, wote."

Nikamwambia tu asimwachie mzee mkono.

"Dada Kache," Barwako akaita, "vipi huko chini? Baba yuko salama?"

Yeye mashamba ya chini hayasikii. Wa kumrudishia ni mimi, hakuna mwingine. Nikapangusa uso kwa leso, nikabonyeza kitufe, na kidole sikukitoa.

"Barwako, mdogo wangu, hujambo? Nyumba iko salama?"