Anwani Ngeni, Tundu la Kumi na Moja

Kwa siku nne mfululizo, Cheptanui aliona anwani ngeni kwenye swichi ya mtandao wa chuo kimoja huko Lanet. Swichi huandika anwani ya kila kompyuta iliyochomekwa, na yeye, fundi wa mtandao, alizijua zote. Hii ilijitokeza saa saba mchana na kupotea saa nane. Mkuu wake alihofia wizi, akamwagiza aikate.

Siku ya tano aliufuata waya kutoka tundu la kumi na moja la swichi, ilikoingilia anwani ile, hadi darasa kuukuu lililojaa viti vibovu. Humo alimkuta Mzee Jamleck, mlinzi wa geti, ameinamia laptopu yenye kioo kilichopasuka.

"Ni ya Wangare," mzee alisema. Wangare alikuwa bintiye, na walimzika mwezi wa tatu. "Video zake ziko kwa intaneti. Simu yangu haizifungui."

Kwenye kioo, msichana alikuwa akimfundisha mtu kusukuma chapati, akicheka huku unga ukimwagika.

"Huyo anayefundishwa ni mimi," mzee alisema.

"Mzee, nimeambiwa nifunge hapa."

"Funga tu, madam. Nilijua si ruhusa."

Cheptanui alivuta kiti. Alizishusha video zote kumi na tisa kwenye laptopu ile, zifunguke hata bila mtandao. Zilipokwisha kushuka, mzee mwenyewe alichomoa waya, akamshukuru kwa sauti ndogo.

Ofisini, Cheptanui alilifunga lile tundu. Kisha akakaa, ripoti ya kumpa mkuu wake ikiwa mbele yake, asijue aandike nini.