Miche Kumi na Mmoja ya Anastasie

Majani ya mihogo yalipoanza kujikunja na kugeuka manjano kote jimbo la Ituri, Anastasie alichukua chavua ya muhogo mwitu, akaipaka kwenye maua ya muhogo wa kienyeji nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Saio. Alitaka mtoto mwenye mizizi ya mama na ugumu wa baba mbele ya ugonjwa huo. Miche kumi na mmoja ikaota, kila mmoja akaufungia kibao chenye namba. Fabien, mwenzake katika kituo cha kilimo, akatikisa kichwa.

"Mama Anastasie, pengine chavua ilitoka kwa muhogo wa jirani. Hii yote inaweza kuwa haina baba mwitu."

"Ni kweli. Ndiyo maana siamini macho yangu, wala ya weye, papa Fabien. Ndani ya kila jani iko alama za urithi. Mtoto wa kweli lazima aonyeshe za mama na za baba."

Mei 2003 vita vikaingia mtaani. Watu walikimbia na magodoro na masufuria. Anastasie alifika mji wa Aru, karibu na mpaka, na bahasha kumi na tatu kifuani: majani ya miche, ya mama na ya baba, yamekaushwa ndani ya mchele. Kutoka pale akayatuma kwenye maabara ya Kampala.

Fabien alibaki katika kambi ya waliokimbia vita, karibu na uwanja wa ndege. Bunduki zikitulia, alikwenda Saio kumwagilia miche. Nyumba ya Anastasie iliporwa hadi mabati, lakini miche hakuna aliyeitaka. Mche wa tatu ulimzidi kimo. Wa tisa ulidumaa, akatamani kuung'oa.

Septemba Anastasie akarudi na barua ya maabara. Alipita nyumba yake bila kuitazama, akasimama shambani, akasoma. Minne tu ndiyo ilikuwa na alama za baba. Wa tisa ulikuwemo. Wa tatu haukuwemo.

"Maabara pia inakosea," Fabien akasema taratibu. Alijua jinsi Anastasie alivyoupenda ule wa tatu.

Anastasie aliweka mkono kwenye shina la wa tatu.

"Nikiuita chotara kwa sababu naupenda, nitakuwa nadanganya wakulima ambao vita vimekwisha kuwadanganya vya kutosha."

Akafungua kibao cha wa tatu. "Huu tutachuma majani yake, tupike sombe." Kisha akapiga magoti kuupandishia udongo mche wa tisa, ule uliodumaa.

Fabien alimtazama mwanamke huyu asiye na paa. Akachukua jembe, akaanza kupalilia upande wa pili.