Mgeni Rasmi wa Kuonja Mvinyo

Tamasha la kuonja mvinyo pale Sinza lilitangazwa kuwa la asubuhi. Jua limeshahama upande wa pili, chupa zote bado zimefungwa, meza zimezungushiwa utepe wa bluu na watu wanagombania kivuli cha turubai. Sababu mnaijua hata kabla sijaisema. Mgeni rasmi hajafika. Nchi hii hata kisima cha futi kumi hakichotwi maji mpaka mtu wa mbali aje akishangae kwanza.

Mie nilikuwa kwangu Mtoni nimejilalia. Aliyenipigia simu ni Noela, mdogo wa marehemu mke wangu Genoveva. Noela analima zabibu kwao Dodoma, kwenye shamba aliloacha baba yao, na mvinyo anautengeneza mwenyewe. Kaka zake wanataka mizabibu ing'olewe wapande alizeti. Walimpa msimu huu mmoja tu, akirudi bila mnunuzi wa kudumu, shamba linalimwa upya. Na mnunuzi alikuwepo palepale tamashani, Isack, mwenye baa kubwa, anatafuta mvinyo mmoja wa nyumbani wa kuuza kwake.

"Shemeji, njoo," Noela aliniambia, sauti inataka kulia. "Barafu imeisha. Mvinyo unapata moto kwenye makreti kama chai ya msibani. Na Isack ameshashika funguo za gari, anasema ana safari."

"Si umpe aonje?"

"Tumekatazwa kufungua mpaka utepe ukatwe. Nimejaribu, wametishia kunitoa na meza yangu."

Damu ikanichemka. Mie na wakubwa hatupatani. Siku Genoveva alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limepelekwa kwenye msafara wa mkubwa mmoja, likae nyuma yake, asije akajikwaa bure. Mke wangu nikampakia kwenye bajaji. Niishie hapo. Ila tangu siku ile nikiona kiti kimevalishwa kitambaa cheupe, roho inaniwasha.

Nikavaa kaunda suti yangu ya kijivu, maana ndiyo nguo pekee iliyokuwa na pasi. Jirani yangu Nassibu ni dereva wa tajiri, alikuwa anapeleka gari la bosi gereji Manzese. Gari jeusi, limenyanyuka, vioo vyeusi. Akakubali kunishusha Sinza kwanza.

"Kaa nyuma, mzee," akasema. "Hapa mbele nimeweka betri, itakuchafua."

Tulipofika getini ikabidi ashuke anifungulie mlango, kwa sababu ule wa nyuma haufunguki kwa ndani. Ndio hasa uliokuwa unapelekwa gereji. Nikashuka polepole, goti langu la kushoto halipendi haraka. Kaunda suti, gari jeusi, dereva ameshika mlango. Yule MC, kijana anaitwa Brightson, alipoona hivyo tu akanyakua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tusimame wote! Mgeni rasmi ameingia!"

Nikageuka nimuone huyo mgeni rasmi. Nyuma yangu alikuwepo Nassibu tu, anajikuna shingo.

Vigelegele vikapasuka. Kina mama wakanivisha shada la maua ya plastiki. Brightson akaninong'oneza, "Wewe ndiye mwakilishi wa Mheshimiwa? Tuliambiwa anatuma mtu, jina hatukupewa."

Nilifungua mdomo nikatae. Wallahi nilifungua. Ndipo nikamwona Noela amefunika makreti yake kwa kanga, na Isack ameshasimama, funguo mkononi, anaaga watu. Mdomo nikaufunga. Nilipoufungua tena, yalikuwa mengine.

"Mheshimiwa anawasalimu sana. Samahanini kwa kuchelewa. Foleni."

Watu wote wakaitikia kwa huruma.

"Tulitegemea uje na msaidizi," Brightson akasema.

"Tumebana matumizi."

Akainamisha kichwa kwa heshima. Ratiba yao ilikuwa na risala, kwaya na hotuba tatu kabla ya kuonja. Nikamwambia tuanze na utepe, hayo mengine yatatukuta mbele. Nikaletewa mkasi kwenye sinia. Nikakata. Kisha, kama wafanyavyo wenzangu, nikatembelea meza. Meza ya kwanza niliyotembelea ilikuwa ya kumi na kitu, kule pembeni, nikiziruka nyingine zote.

"Mama, wewe umetuletea nini?" nikamuuliza Noela.

Macho yakamtoka. "Shem—"

"Mheshimiwa," nikamsahihisha chini chini.

"Mheshimiwa, ni mvinyo mwekundu wa zabibu za Dodoma," akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Na Mungu anakuona."

"Na wewe bwana mwenye funguo, njoo uonje na mie."

Isack angekataaje? Mgeni rasmi hakataliwi mbele ya kamera. Akapokea glasi, akaizungusha, akanusa, akavuta kidogo mdomoni, akainama kwenye ndoo kutema. Kumbe ndivyo wanavyofanyaga waonjaji, wanatema! Mie sikujua. Nikamshika bega.

"Mtu amepalilia kwa jembe la mkono, wewe unatemea ndoo? Meza!"

Akameza. Brightson naye, kwa kiherehere, akatangaza, "Agizo kutoka meza kuu: kutema marufuku!" Uwanja mzima ukapiga makofi. Ndoo zikageuzwa viti. Nadhani hilo ndilo agizo la kwanza toka juu kutekelezwa siku hiyohiyo.

"Una moto kama supu," Isack akasema. Akanywa glasi ya pili. "Na bado mtamu. Je, ukiwa baridi?" Akajimiminia ya tatu, akaanza kumuuliza Noela habari za shamba.

Wakati huo mama mmoja anayekaanga mihogo nyuma ya turubai, Hamisa, akanifuata. "Mheshimiwa, mtaro wetu unatapika mpaka mlangoni. Lini?"

"Changamoto nimeipokea," nikasema. "Tunaifanyia kazi. Hivi karibuni."

Makofi. Maneno yalinitoka laini mpaka nikajiogopa. Nikawaelewa kidogo wale watu, nikawachukia zaidi.

Ndipo akaja dada mmoja kwa bodaboda, kitambulisho shingoni, vumbi mpaka kope. Brightson akamwelekeza viti vya nyuma. Hakwenda, akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Lusungu. Mimi ndiye niliyetumwa."

"Na nani?"

"Na aliyetumwa na aliyetumwa."

Kaunda suti ikanibana kwapani. Isack yuko hatua mbili, anasikia yote.

"Utepe?" Lusungu akauliza.

"Umekatwa."

"Umeahidi chochote?"

"Mtaro."

"Mzee! Sie hatuna fungu la mitaro."

"Nyie hamnaga fungu la kitu chochote. La misafara ndio halikauki."

Akanitazama. Nikajua sasa naitiwa polisi. Badala yake akavuta ndoo, akaikalia. "Hii ni shughuli yangu ya tatu leo. Sijala. Nipe hiyo glasi."

Lakini Isack alikuwa ameshaweka yake mezani.

"Kwa hiyo wewe si mgeni rasmi. Ni nani?"

"Shemeji yake," nikasema. Noela akafumba macho.

"Umenilazimisha ninywe mvinyo wa shemeji yako?"

"Nilikulazimisha umeze. Glasi ya tatu umejimiminia mwenyewe."

Watu wakacheka. Isack akaiangalia ile glasi. Ilikuwa tupu. Akakuna kidevu, akamgeukia Noela.

"Dada, niletee kila mwezi. Ila huyu mzee akija baani kwangu, anywe kama wateja wengine. Asihutubie."

Noela hakusubiri hata kushukuru vizuri, akapiga simu Dodoma. "Kaka, mnunuzi nimepata, msiguse mzabibu hata mmoja!" Akasikiliza. Uso ukamnywea. "Haamini," akatuambia, kiganja kwenye simu. "Anasema nimlete mkubwa yeyote aliyeshuhudia. Na sauti yako, shemeji, anaijua."

Nikaichukua simu, nikampa Lusungu pale alipokaa juu ya ndoo.

"Haya, mheshimiwa," nikamwambia. "Kazi yako ya kwanza tangu ufike."

Akaweka glasi chini, akakohoa kidogo, akanyoosha kitambulisho chake.

"Haloo. Hapa ni meza kuu."