Kocha Bora Huchongwa Oktoba

Kura za kocha bora wa mwaka hupigwa na makocha wenyewe Machi, lakini mtu aliyezeekea kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vya Indiana, kama kocha Odessa Pruitt, anajua kuwa mshindi huchongwa Oktoba. Ndipo makocha wa ligi hukutana kubashiri timu ipi itaongoza na ipi itashika mkia. Anayeupita ubashiri huitwa fundi. Anayeutimiza je? Si ndivyo ilivyotarajiwa!

Oktoba ile Gil Stroud, kocha wa chuo pinzani, alifika na uso wa matanga. "Jamani, niwekeni mkiani. Wasichana wangu wa maana wote wamehitimu."

"Wewe Gil kila mwaka unalia msibani bila maiti," Odessa alimtania.

"Safari hii maiti yupo, dada!"

Wakacheka, wakamweka mkiani, Odessa akiwamo. Kumbe Stroud alikwisha kuwavuta wachezaji hodari kutoka vyuo vikubwa, kawaficha kimya. Timu ya Odessa wakaiweka ya kwanza.

Ikamaliza ya kwanza. Ya Stroud ikawa ya tatu, na magazeti yakaimba muujiza.

Januari, mkurugenzi wa michezo wa chuo cha Odessa, Hadley Vance, alikuwa amemwambia: "Bodi inataka sura mpya, Kocha. Niletee hiyo tuzo nipate cha kuwajibu. Bila hiyo, mkataba siuongezi."

Tuzo akapewa Stroud. Vance akamwita ofisini.

"Umeshindwa kwa kura moja tu, Odessa! Hata makocha wenzako hawakukuona?"

"Waliniona. Walinizoea."

"Na wewe ulimpigia nani?"

Kanuni hairuhusu kocha kujipigia. Wajanja huitupa kura kwa asiyeweza kushinda. Odessa alikuwa ameipiga kwa haki, kama alivyofundishwa na watu ambao haki haikuwahi kuwalipa.

"Gil."

Vance akaguna. "Basi usinilaumu. Mashindano ya mwisho yakiisha, tutamtangaza mwingine."

Ukumbini wasichana walikuwa wakipasha misuli. Nahodha wao, Tamsin, alimkimbilia. "Kocha, umechukua?"

"Hapana."

"Vipi tena? Si sisi ndio wa kwanza?"

"Ndiyo maana."

Tamsin alimtazama, kisha akashusha sauti. "Tukibeba kombe Ijumaa watakubakisha, eti?"

Odessa akapuliza filimbi, wakajipanga. Alimrushia Tamsin mpira. Kombe nalo walikwisha kubashiriwa kulibeba, tangu Oktoba.