Kipimo cha Kizibo

Enzi hizo nilikuwa na jiwe mahali pa moyo, na nililitangaza hadharani. Katika zahanati yetu ya wanyama, mimi ndiye niliyekuwa mpima damu asiyerudia kipimo. "Nikishapima nimepima," niliwatambia wenzangu, "hata paka awe wa mama mkwe."

Ndipo akaja bibi mmoja, fundi cherehani, na paka kwenye kikapu.

"Shikamoo bibi. Umetuletea paka au kitambaa?"

"Marahaba. Kitambaa kingekuwa na uzito kumshinda huyu."

Nilicheka peke yangu. Paka aliitwa Kizibo: tangu mumewe bibi afariki, yeye ndiye aliyeziba ile nafasi kitandani.

Daktari aliagiza nipime homoni ya tezi ya shingo. Nikashangaa, maana kilichougua ni ini. "Tezi yake ni nzima," alinielewesha. "Ila paka akizidiwa, homoni hii hushuka. Ikishuka mno, chini ya sufuri nukta tano, ujue mwili umeanza kufunga duka. Wachache sana hurudi nyumbani."

Mashine ilikula robo saa, ikalia kama kifaranga, ikatema kikaratasi. Sufuri nukta tatu.

Nikailaumu pipeti, ule mrija wa kudondoshea damu. Nikabadilisha, nikapima tena. Ikalia. Sufuri nukta tatu.

Nikaipangusa mashine, nikaibembeleza kama mtoto anayekataa dawa, nikaidondoshea tone la mwisho. Nyuma ya pazia nilimsikia bibi akimnong'oneza Kizibo kwamba wakirudi atamtandikia upande wa dirishani, kwenye jua. Miaka minne imepita, na bado nikiona dirisha lenye jua naangalia pembeni.

Ikalia. Sufuri nukta mbili.

Vikaratasi viwili nikavisokomeza mfukoni mwa koti, kimoja nikakishika mkononi. Nikavaa uso wangu wa mizaha, nikafungua pazia. Alikuwa kwenye benchi, kidole kimoja ndani ya kikapu. Kizibo alikuwa ameegemeza kidevu juu yake, macho nusu wazi.

"Utusamehe bibi, mashine yetu mvivu. Leo imechelewa kuamka."

Hakukitazama kikaratasi. Alinitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayekagua mshono uliofumuka.

"Mjukuu wangu, nimekaa na mashine miaka arobaini. Hiyo yako imelia mara tatu. Paka nimeleta mmoja."

Mkono wangu mwingine ulikuwa bado mfukoni.