Mwizi wa Laini ya Hajji

Koplo Ojok alistaafu jeshini baada ya kufanya kazi ya redio za mawasiliano kwa miaka mingi. Mwaka 1996 alipanga nyumba Malukhu, Mbale, yeye na mkewe Racheal. Alipokwenda Jinja kumtembelea dada yake Margret, alinunua sokoni mkono wa simu isiyo na waya. Kitako chake, kile kinachounganishwa na laini, hakikuwepo. Muuzaji aliapa kwamba hakihitajiki, na cha ajabu ni kwamba hakusema uongo.

Nyumbani mkono ule ulikaa kimya. Lakini jioni moja, akitembea nao barabarani huku akibonyeza kitufe cha kubadili njia ya mawimbi, Ojok alifika kwenye ukuta unaotenganisha nyumba ya Hajji Mutwalibu, muuza vitambaa, na ya Afande Herbert, mkubwa wa polisi, wote wawili wenye simu zisizo na waya. Sikioni ukaja mlio mzuri wa laini. Akampigia Margret papo hapo.

"Huo ni wizi," Racheal alimwambia.

"Nimeruka ukuta? Nimevunja mlango? Sauti imenikuta barabarani."

"Hata mbuzi wa watu anakukuta barabarani. Utamchinja?"

Ojok akajitungia sheria: ataongea kwa ufupi, na Jumapili hatapiga kabisa. Dhamiri ikatulia.

Haukupita muda, Hajji akamwita.

"Koplo, kuna mtu anaongea kwa simu yangu. Anapiga Jinja! Wewe ulikuwa mtu wa redio. Nishikie huyu mwizi."

Ojok aliona kwamba anatumwa ajikamate mwenyewe. Kukataa kungemtia mashakani, kwa hiyo aliketi sebuleni kwa Hajji akijifanya anawinda, mkono wake wa simu akiwa ameuacha nyumbani chini ya godoro. Mara simu ya Hajji ikalia kidogo, ting, kama inavyolia mtu anapopiga kwenda nje. Hajji akaiinua, wakasikiliza wote wawili, vichwa vimegusana.

"Peace wangu wa Jinja, mpenzi, ongea tu, usiogope," ilisema sauti ya Afande Herbert. "Hii laini si yangu."

Hajji aliirudisha simu taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga. "Koplo," akanong'ona, "mimi sijasikia kitu. Na wewe hujasikia."

Kesho yake Afande naye akamwita Ojok ofisini.

"Kuna mjinga anatumia simu yangu. Anaongea na mwanamke wa Jinja, jina Margret. Wewe mtu wa redio, nataka huyo mtu ndani!"

Hapo ndipo Ojok alipoelewa kwamba ule mlio mzuri ulikuwa wa laini ya Afande, si ya Hajji.

"Afande, labda yeye anafikiri kitu cha hewani ni cha watu wote."

"Mwizi ni mwizi! Mtu anaongea kwa laini ya mwenzake, afungwe!"

"Hata akiwa mkubwa, afande?"

"Hata akiwa mkubwa."

"Sawa, afande. Na Peace, hajambo?"

Afande akaagiza chai na mandazi. Walipomaliza kunywa, Margret alikuwa dada tu wa mtu, Peace alikuwa mtoa habari za siri wa polisi, na Ojok alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Simu, Malukhu.

Mkutano ukaitishwa. Afande akawalaani wote wanaopapasa laini za majirani, watu wakapiga makofi, Hajji kuwashinda wote.

Racheal hakupiga. Alirudi nyumbani, akauchukua ule mkono wa simu, akautumbukiza chooni.

"Mwenyekiti," akamwambia mumewe, "kawafundishe wenzako kufanya hivyo."

Ojok alifoka, akanuna, halafu akashangaa kuona moyo umekuwa mwepesi. Akaenda kumshauri Hajji anunue simu ya waya. Hajji akanunua siku hiyohiyo.

Jioni Ojok alimwona Afande bustanini, simu sikioni, akibonyeza na kusonya, akibonyeza na kusonya, huku akisogea polepole kuelekea ukuta wa upande wa pili, kwa jirani yake mwingine, mchungaji wa kanisa.