Hema Juu ya Fungu

Ruwa hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake. Ukimwuliza njia ya mahali asipopajua atakuelekeza, tena kwa kidole. Kwa hiyo mwaka ule wa 1991, Bwana Chengo wa Kiembeni alipouliza ni nani anayevijua visiwa vya kusini, Ruwa alijibu kabla swali halijafika mwisho. Visiwa? Amezaliwa navyo! Ukweli ni kwamba alizaliwa Likoni, nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kupeleka sahani mezani katika hoteli moja ya Diani.

Bwana Chengo alikuwa amenunua katamarani ya Mswisi mmoja aliyerudi kwao: chombo cha matumbo mawili yaliyoungwa kwa jukwaa, na tanga kubwa katikati. Alikwisha kupata wageni kumi wa Kijerumani wa kutembezwa siku tano, Chale, Funzi mpaka Wasini, na usiku kulala kwenye mahema. Kilichobaki ni kiongozi wa kuipanga safari. Jumamosi angekuja Likoni kuusikiliza mpango wa Ruwa.

Ruwa alikwenda moja kwa moja kwa shemejiye Dhahabu, mjane wa kakake marehemu Bakari. Dhahabu alizaliwa Funzi, mtoto pekee wa nahodha aliyekuwa akisafirisha boriti za mikoko, na kwa kuwa babake hakujaaliwa mwana wa kiume, alishikishwa usukani kabla hajajua kusonga sima. Tangu afiwe, miaka sita sasa, alikuwa akiishi na mavyaa wake Bi Mwanarusi, mamake Ruwa, na kukaanga mahamri ya kuuza. Bahari aliiona akivuka feri kwenda kununua unga.

"Shemeji, nichoree hivyo visiwa," Ruwa alisema. "Niokoe."

Dhahabu alichora nyuma ya kalenda. Alichora visiwa, miamba, milango ya maji na mahali pa kutia nanga, na kadiri penseli ilivyokwenda ndivyo moyo ulivyomwenda mbio. Alipomaliza akauliza, kama mtu asiyejali, "Na mimi nitakaa upande gani humo chomboni?"

Ruwa akacheka mpaka akajifuta macho. "Wewe? Wewe tupikie mahamri tubebe. Wazungu wanataka kiongozi, shemeji, hawataki mama wa jikoni."

Dhahabu alinyamaza. Mwanamke akinyamaza ghafla namna ile, mwenye akili huomba radhi. Ruwa aliomba sukari.

Kisha akaichukua penseli na kuongeza la kwake. Usiku wa tatu, alisema, wageni watalala kwenye lile fungu la mchanga karibu na Wasini, peke yao katikati ya bahari, na ameshauchagua usiku wenyewe: mwezi kumi na tano, mbalamwezi tele, mchanga unang'aa. Tarehe za mwezi alizijua barabara, kwa kuwa kila mwezi mamake humfungisha saumu siku nyeupe, kumi na tatu mpaka kumi na tano. Lakini mwezi wa Ruwa ulikuwa wa msikitini, haukuwahi kushuka baharini. Mtoto yeyote wa Funzi angemwambia kwamba mwezi kumi na tano ni bamvua, maji hujaa kupita kiasi, na ikifika saa kumi alfajiri fungu lile halionekani hata kwa dawa.

"Umeonaje?" Ruwa aliuliza.

"Zuri sana, shemeji," alisema Dhahabu, akamwongezea chai.

Dhamiri ilimsuta kidogo. Lakini safari ilikuwa bado miezi miwili, na mkutano siku tatu tu. Wa kuzama hapo alikuwa mmoja, tena nchi kavu.

Jumamosi asubuhi Bwana Chengo alifika na daftari, akamwamkia Bi Mwanarusi shikamoo, akakaribishwa barazani. Ruwa alivaa shati lake jeupe la hotelini. Aliutandaza mpango, akaeleza vizuri wallahi, mikono ikipaa huku na huko, mpaka akafika kwenye usiku wa fungu. Dhahabu alikuwa anamimina chai. Shemeji ana ruhusa ya kumtania shemejiye hata mbele ya kadhi, na yeye ruhusa hiyo aliikumbuka vyema.

"Samahani, shemeji," akasema kwa upole. "Hao wageni watalala ndani ya hema, ama juu ya hema?"

"Ndani, bila shaka!"

"Na saa kumi alfajiri, bamvua ikijaa, watakuwa wameota mapezi?"

Bi Mwanarusi aliangua kicheko mpaka ushungi ukamdondoka. Bwana Chengo, ambaye hakujua kuogelea, hakucheka. Alimgeukia Ruwa. "Ni kweli hayo?"

Jasho lilimtoka Ruwa, lakini jibu alikuwa nalo. "Ahaa! Nilijua atapagundua hapo! Huo ulikuwa mtego, Bwana Chengo. Nilitaka kumjaribu, uone mwenyewe kama anaifahamu bahari."

"Nimefaulu, shemeji?" Dhahabu aliuliza.

Ruwa alimtazama mamake, akalitazama daftari, akaona mlango wa kutokea ni mmoja tu. "Umefaulu," akasema kwa taabu.

"Basi, mama," Bwana Chengo alimwambia Dhahabu, "wewe ungewapelekaje?"

Kwa miaka sita hakuna aliyemwuliza jambo lolote la baharini. Alihisi haya kwa machozi yaliyomlenga mbele ya mgeni. Kisha akaanza. Waondoke siku ya saba ya mwezi mwandamo, maji mafu yasiyojaa sana, bahari imetulia. Funzi waingie maji yakipanda, si yakitoka. Wasini wasipige hema kabla ya kumwendea mzee wa mji na kubisha hodi, na walale juu penye nyasi. Alisema mpaka chai ikapoa, na Bwana Chengo akaandika kurasa nne.

"Kiongozi nimempata," akasema.

"Hapo sasa ngojeni," Bi Mwanarusi alisema. Kicheko kilikwisha usoni. "Mjane wa mwanangu akalale visiwani siku tano na wanaume? Watu watasemaje?"

Dhahabu aliinamisha kichwa. Bila idhini ya mavyaa wake asingekanyaga chombo kile, na kila mtu pale alilijua hilo. Hata Ruwa hakutia neno.

Bi Mwanarusi aliufunga ushungi wake polepole. "Bakari alipomwoa huyu," akasema, "alikuja akaninong'oneza: mama, nimepata mke anayenishinda baharini, usimwambie mtu. Nami sikumwambia mtu. Miaka kumi na minane nimeubana ulimi, na mnanijua nilivyo. Nimechoka. Nenda, mwanangu, nao waone."

Dhahabu alicheka, kisha akalia, kisha akamwomba Bwana Chengo kalamu, maana kwenye ukurasa wa tatu bwana huyo alikuwa ameuandika mwamba mmoja upande usio wake.